UZI: "Kazi zipewe wenyeji." Sawa, lakini kazi gani? Mafuta, gesi na kile kiti cha juu

1/ Hoja ya leo haikosi kwenye jukwaa lolote mahali kunapochimbwa kitu ardhini: "Kazi zipewe wenyeji!" Anayeisema hupigiwa makofi papo hapo. Anayeipinga huzomewa mpaka ashuke. Mimi siipingi. Nataka tuulizane swali moja tu: kazi gani? Ile ya kupunga bendera barabarani, ama ile ya kuamua barabara ipite wapi?

2/ Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa hapa Kakamega, na sheria ya uzi huu ni ileile ya siku zote. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Kampuni, sheria na tarehe nitataja kwa sababu ziko wazi kwa kila mtu. Kama umekuja kumtetea mtu wako, humu hayumo. Kaa tu tuelewane.

3/ Mfano wetu mkubwa ni Turkana. Machi 2012, kampuni ya Tullow Oil, yenye makao yake London, ilitangaza kupata mafuta kwenye kisima cha Ngamia-1, bonde la Lokichar. Nchi ilishangilia. Vyuo kadhaa vikafungua digrii za uhandisi wa mafuta. Sisi wengine tulikuwa shule ya msingi, tukaambiwa tukazane na hesabu maana Kenya sasa ni nchi ya mafuta.

4/ Sherehe haikudumu. Oktoba 2013 wenyeji waliandamana hadi kwenye maeneo ya uchimbaji wakidai kazi na tenda. Tullow ikasimamisha shughuli kwenye vitalu viwili, 10BB na 13T, na kurudi Novemba. Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta ghafi yakaanza safari ya Mombasa. Mwezi haukuisha kabla wananchi hawajayazuia, wakidai ulinzi dhidi ya wezi wa mifugo, na tena kazi. Safari zikarudi Agosti.

5/ Madai yale yalikuwa ya haki. Mtu anaona vumbi la malori mlangoni mwake na hana hata kibarua, utamwambia nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni amekuja na mwenyeji hajapona. Lakini sikiliza vizuri majibu yanayotolewaga jukwaani. Yanahesabu vichwa tu: "Tumeajiri wenyeji kadhaa." Hakuna anayeuliza hao kadhaa wanafanya nini, na mkataba wao unaisha lini.

6/ Hapa lazima tujue hii sekta inavyofanya kazi. Kampuni ya mafuta yenyewe huajiri watu wachache. Sehemu kubwa ya shughuli hupewa wakandarasi: mmoja analeta mtambo wa kuchimba, mwingine malori, mwingine walinzi, mwingine chakula cha kambini. Kwa hiyo kijana wa kijijini mara nyingi si mfanyakazi wa kampuni ile unayoona kwenye habari. Ni kibarua wa mkandarasi wa mkandarasi. Mkataba wa juu ukikatika, wake unakatika siku hiyohiyo.

7/ Jambo la pili ni hatua. Mafuta yanapitia kutafuta, kupima ukubwa, kujenga, kuzalisha, na mwisho kufunga visima. Kazi nyingi zaidi huwa wakati wa ujenzi: mabomba, barabara, kambi. Mafuta yakishaanza kutoka, wanaohitajika ni wachache wanaokaa mbele ya vioo vya kompyuta na mafundi wa kurekebisha mitambo. Yaani siku ambayo pesa zinaanza kuingia ndiyo siku ambayo walinzi na madereva wengi wanaambiwa asante, kwaheri.

8/ Ndiyo maana mimi huzigawa kazi hizi mara tatu. Chini: vibarua na huduma. Katikati: mafundi na wataalamu. Juu: wasimamizi na wakurugenzi, wanaosaini bajeti, wanaochagua mkandarasi, wanaoamua mradi uendelee ama usimame. Mwanasiasa akisema "kazi kwa wenyeji" bila kutaja ni ngazi gani, amekuahidi ya chini. Hiyo ndiyo rahisi kutoa na rahisi kuchukua.

9/ Majirani zetu Uganda waliliona hili. Walithibitisha mafuta yao 2006, wakaanzisha chuo cha petroli Kigumba 2009, wakatunga sheria 2013, na kanuni zao za 2016 kuhusu ushiriki wa raia zinatenganisha wasimamizi, mafundi na wafanyakazi wengine. Kila kundi lina kiwango chake cha Waganda, na kwa wasimamizi na mafundi kiwango hicho kinatakiwa kupanda kadiri miaka inavyoenda. Kwa hiyo huwezi kuajiri wapishi mia moja Waganda halafu ukasema umetimiza sheria.

10/ Sisi je? Tuna Sheria ya Petroli ya 2019. Inamtaka mwenye kitalu aweke mpango wa kila mwaka na wa muda mrefu wa kutumia watu, bidhaa na huduma za humu nchini, na inazungumzia mafunzo. Ni mwanzo mzuri. Lakini kwenye midahalo yetu sheria hii hutajwa kwa jambo moja tu: mgao. Serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya eneo hilo 5. Hiyo 5 tumepigania mpaka sauti zikakauka.

11/ Shika hapa, maana hii ndiyo sehemu inayosahaulika. Ule mgao wa 75, 20 na 5 unafanywa juu ya fungu la serikali. Kabla ya fungu hilo kupatikana, kampuni hujirudishia kwanza gharama zake kutoka kwa mafuta. Gharama zikiwa kubwa, fungu linachelewa na linakonda. Sasa niambie: nani anakaa kwenye meza ambapo gharama hizo zinapitishwa? Nani wa upande wetu anaweza kusoma vitabu vile na kusema "hii bei ya kukodisha mtambo si ya kweli"?

12/ Ndiyo kusema kiti cha juu si heshima tu ya kupigia picha. Asilimia 5 ya jamii ya Lokichar inaanza kupungua ama kuongezeka kwenye chumba ambacho hakuna mtu wa Lokichar. Ukipigania asilimia bila kupigania chumba, umepigania mfuko na ukasahau kinachotiwa ndani.

13/ Kwa hiyo tudai tu kiti, si ndiyo? Polepole. Hiki kiti hakitolewi kama cha kamati ya harusi. Ukisoma wasifu wa wakuu wa kampuni hizi utaona kitu kilekile: miaka 15, miaka 20. Anaanza chini kisimani ama kwenye ofisi ya mahesabu, anapewa zamu, halafu kikosi, halafu kitalu kizima, halafu nchi. Njiani amehamishwa mara nne, tano, amefanya kazi na watu asiojua lugha yao. Hakuna kozi ya miezi sita inayokupa hayo.

14/ Sisi watu wa huku tunaelewa. Ukienda Khayega siku ya mapigano ya mafahali, umati wote unaangalia uwanja. Lakini fahali hatengenezwi siku ya pambano. Ameshalishwa miaka, amezoezwa, ana mtu anayeamka kwa ajili yake saa kumi na moja alfajiri. Ukija siku ya uwanja kudai fahali, utapewa kamba.

15/ Sasa tuhesabu miaka ambayo Mkenya alipewa ya kujizoeza kwenye mafuta. 2012 yamepatikana. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30, na kampuni duniani kote zikapunguza kazi. Aprili 2016 Uganda ikaamua bomba lake lisipite Kenya, lipite Tanzania hadi Tanga, kilomita 1,443. Tukabaki na bomba la Lokichar hadi Lamu kwenye makaratasi.

16/ Tuendelee. Agosti 2019 meli ya kwanza ya mafuta ya Turkana ikaondoka Mombasa, bendera zikapepea. Desemba 2019, miezi minne tu baadaye, mkurugenzi mkuu wa Tullow akajiuzulu huko London, hasa kwa shida za uzalishaji Ghana, na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya nusu siku hiyohiyo. 2020 ikaja korona, na kampuni ikapunguza takriban thuluthi ya wafanyakazi wake. Mei 2023 wabia wawili, Africa Oil na TotalEnergies, wakajiondoa. 2025 Tullow nayo ikauza hisa zake za Kenya kwa Gulf Energy, kampuni ya hapa nyumbani.

17/ Umeona? Simama, endelea, simama. Aliyehitimu 2012 akiwa na miaka 24 sasa anakaribia 40. Ametoka nchi nzima ikimwambia yeye ndiye meneja wa kesho, na mradi wenyewe haujawahi kukaa miaka mitano mfululizo bila kukatika. Wengine walibahatika wakaenda nje. Wengine wamehamia ujenzi, benki, ualimu. Kuna jamaa tunayemjua mtaani Lurambi, digrii ya petroli, anauza simu. Si mvivu. Ngazi aliyopewa ilikuwa na vipago vitatu halafu hewa.

18/ Kuna mtu atasema: "Lakini Mkenya alishawahi kuwa mkurugenzi wa Tullow Kenya!" Kweli, na alistahili. Lakini ona tofauti. Kiti cha Nairobi kilikuwa chetu, uamuzi wa kuweka mabilioni ulikuwa London. Meneja wa nchi anaweza kuujua mradi kama kiganja chake na bado akaamka asubuhi akute bodi imeamua kuuza. Ndiyo maana nasema tusiulize tu kama mtu wetu ana kiti. Tuulize kiti hicho kina kalamu gani.

19/ Mfano mwingine wa ngazi iliyokatika: kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa. Kilianza kazi 1963. Ndani yake palikuwa na waendeshaji mitambo, wakemia na wasimamizi waliojifunza kazi kwa vitendo kizazi baada ya kizazi. Septemba 2013 kikaacha kusafisha mafuta, kikabaki matangi ya kuhifadhi. Mafuta ya Turkana yalipofika Mombasa yalihifadhiwa humohumo, kwenye kiwanda ambacho hakisafishi tena. Ujuzi wa kusafisha haukai kwenye tangi. Unastaafu na wenyewe.

20/ Sasa tuangalie mahali ambapo Kenya haikukata ngazi: Olkaria, kule Naivasha. Hapo hatuchimbi mafuta, tunachimba mvuke wa ardhini, jotoardhi. Lakini kuchimba ni kuchimba: mtambo, tope la kuchimbia, shinikizo, usalama wa kisima. Mtambo wa kwanza wa stima ulianza 1981 na megawati 15. Leo uwezo wa nchi ni zaidi ya megawati 900, na takriban asilimia 40 ya stima yetu inatoka kwenye mvuke.

21/ Ilikuwaje? Tangu miaka ya 1980 Wakenya, zaidi ya mia moja, wamepelekwa Iceland kwa mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi. Na walikuwa wakirudi kazini kwao, kwenye kisima kinachowasubiri. Waliorudi wakawafundisha wengine. Kuanzia 2005 kozi za watu wa nchi nyingine za Afrika zikaanza kufanyika hapahapa kwetu, Naivasha. 2008 serikali ikaunda kampuni ya pili, GDC. Baadaye KenGen ikapata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Mkenya anachimba nchi ya watu, na yeye ndiye mtaalamu mgeni!

22/ Sisemi Olkaria ni peponi. Wamaasai wa huko wamekuwa na malalamiko yao, ya ardhi, ya kuhamishwa na ya kazi, na ni malalamiko mazito. Hilo linatufundisha kwamba "Mkenya" na "mwenyeji" si neno moja. Unaweza kuwa na mainjinia Wakenya watupu na bado aliye jirani na bomba hajaona kitu. Ngazi inahitaji kuanzia mahali fulani, na mahali hapo pawe shule ya sekondari ya pale pale kisimani, si ofisi ya Nairobi peke yake.

23/ Na ngazi si ya mainjinia tu. 2017 KenGen ilipata mkurugenzi mkuu wa kwanza mwanamke. Alikuwa ameshakaa kwenye kampuni hiyo karibu miaka 20, akianzia upande wa sheria. Hata Tullow yenyewe ilianzishwa Ireland 1985 na Aidan Heavey, ambaye alikuwa mhasibu. Kwa hiyo wewe unayesoma sheria, uhasibu, mazingira, hata sayansi ya siasa kama mimi, usidhani hoja hii ni ya watu wa kofia ngumu. Mradi mara nyingi haukwami kwa sababu ya kisima. Unakwama kwa sababu ya mkataba, ardhi na watu.

24/ Haya, kuna hoja ya upande wa pili: "Mafuta yanaisha duniani, mnang'ang'ania nini?" Ina ukweli. 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema kwamba kwa njia ya kufikia sufuri ya hewa chafu ifikapo 2050, hakuna haja ya kufungua maeneo mapya ya mafuta na gesi zaidi ya yaliyokwisha kuidhinishwa. 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, nchi zilikubaliana kuanza kuondokana na mafuta, gesi na makaa. Bodaboda za stima mnaziona wenyewe barabarani.

25/ Lakini usimeze hoja hiyo nzima. TotalEnergies ileile iliyoondoka Turkana 2023 ndiyo yenye hisa kubwa, asilimia 62, kwenye bomba la Hoima hadi Tanga. Kwa hiyo hawajaacha mafuta. Wanachagua wapi yana faida. Kubadilika kwa sekta hakumaanishi mlango umefungwa. Kunamaanisha kiongozi anayehitajika amebadilika. Wa zamani alijua kutoa mafuta mengi haraka. Wa sasa ajue pia gharama ndogo, gesi isichomwe ovyo, jamii isimgeuke, na kisima kifungwe salama siku kikiisha.

26/ Na gesi je? Tanzania ilipata gesi Songo Songo 1974. Ilianza kuzalishwa kibiashara 2004. Miaka 30! Shirika lao la petroli, TPDC, lilikuwapo tangu 1969, na liliendelea kuwepo miaka yote hiyo ya kungoja. Hata hivyo, Mei 2013 Mtwara iliwaka moto kwa sababu wananchi waliona gesi inapelekwa Dar es Salaam kwa bomba na wao wanabaki mikono mitupu. Yaani kuwa na taasisi ya kitaifa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu wa Mtwara kujiona ndani yake.

27/ Sasa nirudi nyumbani kabla hamjaniambia Turkana ni mbali. Hapa Kakamega tunajua vizuri hadithi ya "mtu wetu awe mkubwa". Mumias Sugar ilianza miaka ya 1970, na kwa miaka mingi usimamizi ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza, Booker. Ikafika wakati viti vya juu vikawa vya Wakenya. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Sababu zilikuwa nyingi na sitazimaliza hapa. Lakini mkulima wa miwa wa Matungu hahitaji mtu wa kumfundisha kwamba jina la kiongozi kufanana na lako si dawa.

28/ Funzo langu kutoka Mumias si "Wazungu ni bora". Watakaosoma hivyo wamesoma vibaya. Funzo ni kwamba kiongozi huhitaji vitu viwili pamoja: amepanda ngazi, na kuna mtu wa kumuuliza maswali. Aliyerushwa kileleni kwa koneksheni hana la kwanza. Na mara nyingi hana la pili, maana aliyemrusha ndiye anayemlinda. Katiba yetu, kifungu cha 232, inataka kwenye utumishi wa umma ushindani wa haki na sifa, na pia uwakilishi wa jamii mbalimbali. Yote mawili. Haikusema uchague moja.

29/ Na tujiandae, kwa sababu zamu yetu si ya mafuta, ni ya dhahabu. Dhahabu ya Kakamega ilijulikana tangu miaka ya 1930, na sasa kampuni kubwa inaitaka kule Ikolomani. Sheria ya Madini ya 2016 imegawa mrabaha: serikali kuu 70, kaunti 20, jamii 10. Midahalo yote ninayosikia pale Muliro Gardens ni ya fidia na hiyo 10. Ni muhimu sana, hasa kwa mwenye shamba. Lakini sijasikia mtu akiuliza: mgodi ukidumu, ni nani kutoka Isulu ama Bushiangala atakuwa meneja wa mgodi? Na anasoma darasa la ngapi leo?

30/ Kwa hiyo mheshimiwa yeyote akipanda jukwaani na "kazi kwa wenyeji", usimzomee. Mpigie makofi, halafu inua mkono umuulize haya:
• Kazi za ngazi gani, na ngapi kwa kila ngazi?
• Viwango vya wasimamizi vitapanda vipi mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi?
• Nani anafunzwa sasa, na akimaliza anarudi kwenye kazi gani?
• Mradi ukisimama, hao waliofunzwa watapelekwa wapi ili ujuzi usipotee? Mvuke? Bomba? Mgodi?
• Ni nani wa upande wetu anayekagua gharama kabla ya mgao, na ripoti tutaiona wapi?

31/ Swali la nne ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu halimtegemei mwekezaji. Mwekezaji anaweza kuondoka kesho. Bei ya pipa hatuipangi sisi. Lakini kumpeleka fundi wa Lokichar akachimbe mvuke Olkaria ama Menengai wakati kisima chake kimesimama, badala ya kumwacha akauze simu, hilo linaweza kupangwa hapahapa nchini, mwaka huu. Tungefanya hivyo 2016, 2020 na 2023, leo kampuni inayoanza upya Turkana ingekuta watu wenye miaka kumi mikononi.

32/ Kwa wenzangu tunaomaliza chuo: usisubiri mafuta, usisubiri dhahabu. Tafuta ujuzi unaovuka kutoka sekta moja hadi nyingine. Usalama wa mitambo, mahesabu ya gharama, sheria ya mikataba, ukaguzi wa mazingira, kuzungumza na jamii bila kuidanganya. Mafuta yakitoka, utahitajika. Yasipotoka, mvuke, maji na migodi bado vinakuhitaji.

33/ Uzi umeisha. Kama una hoja, pinga kwa hoja, matusi peleka kwingine. Kama wewe ni wa Turkana, Naivasha, Mtwara ama Hoima na uliwahi kufanya kazi hizi, tuandikie hapa chini ulianza kazi gani na ulifika ngazi gani. Hiyo ndiyo hesabu ambayo hakuna mtu ametupa jukwaani, na nadhani tunaweza kuianza wenyewe.